Kutafuta na kupiga picha nyotamkia ukiwa Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Oktoba 2024, nyotamkia ya Tsuchinshan-ATLAS ilipokuwa ikionekana upande wa magharibi baada ya Jua kutua, picha yangu moja ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Bombo hadi Busia. Tangu siku hiyo simu haijapumzika, na wengi huuliza yale yale. Nimeyakusanya hapa. Pale ambapo watu hukosea sana nimejibu kwa kirefu. Kwingine maneno machache yanatosha.

Nyotamkia na kimondo si kitu kimoja?

Si kimoja, ingawa hata redioni huchanganywa. Kimondo hupita fyuu na kuzimika kabla hujamgusa jirani bega aangalie. Hicho ni kijiwe au punje ya vumbi inayoungua ikiingia katika angahewa yetu. Nyotamkia iko mbali, mamilioni ya kilomita, na haikimbii machoni. Huchomoza na kutua pamoja na nyota, na kesho yake utaikuta imesogea kidogo kati yao.

Kiini chake ni bonge la barafu na vumbi. Likikaribia Jua, barafu hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji, mvuke unachomoka na vumbi lake, na kichwa chenye ukungu kinatokea. Mikia kwa kawaida ni miwili: wa vumbi, wenye rangi ya manjano na uliopinda, na wa gesi, wa buluu na ulionyooka. Yote hulipa Jua kisogo, hata nyotamkia inapoondoka. Ndiyo maana ikirudi zake mkia hutangulia mbele, kichwa kikafuata. Wanaosema "kometi" hawajakosea. Mimi nimezoea nyotamkia.

Uganda hatuna vituo vikubwa vya darubini. Kwa nini nihangaike?

Kwa sababu ya mahali tulipo. Ikweta inakata nchi yetu, watalii wanapiga picha pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, lakini wachache huwaza maana yake angani. Mtu wa London haioni Salibu, msalaba wa nyota wa kusini, maisha yake yote akibaki kwao. Mtu wa Cape Town haioni Kutubu, nyota ya kaskazini. Sisi, katika mzunguko wa mwaka, tunaliona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Nyotamkia ikitokea upande wowote, tuna nafasi.

La pili ni kubwa zaidi. Kwetu Jua huzama likielekea chini karibu wima. Ulaya huteremka kwa mshazari, na machweo hujikokota. Hapa giza kamili huingia kama dakika 72 tu baada ya Jua kutua, na sehemu ya anga iliyokuwa jirani na Jua inasimama juu ya upeo badala ya kulala ubavuni. Na nyotamkia huwaka zaidi zikiwa karibu na Jua. Mlango wao ni magharibi jioni na mashariki alfajiri, na mlango huo kwetu umekaa vizuri kuliko kwa wengi wenye darubini za mamilioni.

Mawingu? Ndiyo, tunayo. Nitafika huko.

Mtu wa kawaida bado anaweza kugundua nyotamkia mpya?

Anaweza, lakini si kwa njia ya babu zetu. Zamani uliketi na darubini, ukapekua anga mstari kwa mstari, usiku baada ya usiku. William Bradfield wa Australia alipata nyotamkia 18 kwa macho yake hivyo hivyo. Mwaka 1995 Thomas Bopp, ambaye hakuwa hata na darubini yake mwenyewe, alichungulia kwenye ya rafiki yake akaona ukungu usiokuwa kwenye ramani; usiku huo huo Alan Hale aliuona pia kutoka kwake, na dunia nzima ikaishia kuitazama Hale-Bopp.

Leo kazi hiyo imechukuliwa na mashine. Pan-STARRS ya Hawaii, ATLAS, Catalina kule Arizona: zinapiga picha anga lote lenye giza na kunasa vitu hafifu mno ambavyo jicho halitaviona kamwe. Sasa darubini ya Vera Rubin ya Chile, yenye kioo cha mita 8.4, imetoa picha zake za kwanza Juni 2025. Ukienda utosini usiku wa manane kutafuta nyotamkia kwa darubini ya nyumbani, umefika shambani wenzako wakiwa wameshavuna.

Ila mashine hizo zina udhaifu: hazipendi kutazama chini karibu na Jua. Agosti 2023 Hideo Nishimura wa Japani alikuwa akipiga picha eneo hilo hilo kabla ya mapambazuko, kwa kamera ya Canon na lenzi ya milimita 200. Hakuwa na kitu ambacho mpiga picha wa harusi wa Kampala hana. Akapata C/2023 P1, ambayo baada ya mwezi mmoja tu ilikuwa ikitafutwa kwa macho alfajiri. Kabla yake, mwaka 2007, Terry Lovejoy wa Australia alipata C/2007 E2 kwa Canon EOS 350D, kamera ambayo leo ni mtumba wa bei ya chini. Na Don Machholz alipata ya kwake ya mwisho Novemba 2018 akichungulia kwa jicho, kama enzi za kale.

Ukiniuliza mimi, nafasi ya Mganda iko hapo: dakika arobaini za alfajiri, upande wa mashariki, nyuzi chache juu ya upeo.

Sina kamera wala darubini. Nina simu na MB kidogo. Basi tena?

Wewe ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote, na huwa siaminiki ninaposema hivyo.

Kuna chombo kinaitwa SOHO, cha Ulaya na Marekani, kilichorushwa Desemba 1995. Kimekaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea Jua, na kamera zake za LASCO hufunika uso wa Jua kwa kisahani ili kuona kilicho pembeni. Zilijengwa kuchunguza angahewa ya Jua, lakini picha zake zilianza kuonyesha vidoa vinavyokimbilia Jua: nyotamkia ndogo, ambazo nyingi hufia hapo hapo. Picha huwekwa wazi mtandaoni, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzipekua. Machi 2024 hesabu ilifika nyotamkia 5000. Ya 3000, Septemba 2015, iligunduliwa na Worachate Boonplod wa Thailand, akiwa mbele ya kompyuta.

Kazi yenyewe ni hii. Unapakua picha za kamera ya C3, zile za buluu, za saa kadhaa zilizopita. Unazipitisha moja baada ya nyingine kama mtu anayepekua kurasa haraka kwa kidole gumba. Utaona nyota zikisogea zote pamoja kwa mwendo mmoja. Hizo achana nazo. Utaona vidoa vinavyotokea kwenye picha moja na kupotea. Hivyo ni chembe za mionzi zilizogonga kamera. Unachotafuta ni kidoa kinachosogea kwa mstari, kwa mwendo unaolingana picha hadi picha, tofauti na nyota. Nyingi ni za ukoo mmoja unaoitwa Kreutz, vipande vya nyotamkia kubwa iliyopasuka zamani, hivyo hupita karibu njia ile ile. Njia hiyo hubadilika kwenye picha kadiri miezi inavyokwenda, kwa sababu dunia inalizunguka Jua. Ukiijua ya mwezi huu, umepunguza kazi kwa nusu.

Ukiona kitu, unaandika nafasi yake kwa pikseli katika picha kadhaa mfululizo na kuipeleka kwenye mradi wa Sungrazer. Haraka, maana kuna wazee wa kazi hii duniani ambao hawalali. Picha ni nyepesi. Bando la kutazama mpira nusu saa linatosha siku kadhaa. Kamera ya aina hiyo hiyo, CCOR-1, iko pia kwenye satelaiti ya GOES-19 iliyorushwa Juni 2024.

Skrini ya simu ni ndogo, nakiri. Kompyuta ya maktaba au ya kafe ya intaneti ni bora.

Ninunue nini kwanza?

Darubini ya macho mawili ya 10×50 au 7×50. Tarakimu ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Nyotamkia ni kitu kipana na hafifu. Inataka mwanga mwingi na uwanja mpana, haitaki kukuzwa sana.

Usinunue darubini ya dukani iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Nilinunua moja kama hiyo miaka ya nyuma, kwenye duka ambalo sitalitaja. Miguu yake ilitetemeka hata nikipumua. Sasa iko kwa mpwa wangu, anatazamia ng'ombe.

Nimeona kitu chenye ukungu kisicho kwenye ramani. Nimegundua?

Karibu hakika hapana, na usivunjike moyo. Swali hili ndilo kazi yenyewe. Charles Messier, Mfaransa wa karne ya 18, alichoshwa na vitu vya ukungu vilivyomdanganya akitafuta nyotamkia, akavitungia orodha ili asidanganyike tena. Orodha hiyo leo ni maarufu kuliko nyotamkia zake zote.

Mimi nilidanganywa na Omega Centauri. Ilikuwa mwezi wa Mei, Mbarara, mvua imekatika ghafla na anga limeoshwa. Nikaona chini kidogo upande wa kusini duara la ukungu, jeupe, kubwa. Nilimpigia rafiki yangu simu saa saba usiku. Akaniuliza, "Kaka, umefungua ramani?" Sikuwa nimefungua. Ni kundi la mamilioni ya nyota, linajulikana tangu enzi na enzi, nami nilikuwa nimeshaanza kufikiria jina langu gazetini.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu hata kama moyo unakwenda mbio. Fungua Stellarium, ambayo ni ya bure, na uangalie kama pale pana galaksi, nebula au kundi la nyota. Kama ni picha, sogeza kamera kidogo upige tena: nyota angavu au taa ya jirani hutupa kivuli cha mwanga ndani ya lenzi, na kivuli hicho husogea upande mwingine ukigeuza kamera, wakati kitu cha kweli hubaki na nyota zake. Kisha subiri. Baada ya saa moja, piga tena. Nyotamkia nyingi zitakuwa zimehama hata kwa kiasi kidogo; galaksi haihami. Kesho yake rudi tena kama mawingu yataruhusu. Mwisho, weka muda na nafasi kwenye kikaguzi cha Kituo cha Sayari Ndogo, kinachoitwa MPChecker, kuona kama kuna nyotamkia au sayari ndogo inayojulikana inayopita pale. Mara nyingi ipo.

Mstari wa vitaa vinavyofuatana kama behewa za treni ni satelaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa makundi Mei 2019. Hilo naulizwa kila wiki.

Na kama imepita mitihani yote hiyo, niripoti wapi?

Kwa Kituo cha Sayari Ndogo, MPC, kilichopo Cambridge, Massachusetts. Watataka muda kamili, nafasi ya kitu angani kwa vipimo vya anga, na kadirio la mng'ao. Nafasi huipati kwa kukisia. Unaipakia picha kwenye Astrometry.net, ambayo hutambua nyota zilizomo na kukuambia kila pikseli iko wapi, halafu programu ya kupimia kama Astrometrica inamalizia. Wazoefu huomba kwanza namba ya kituo chao kwa kupima sayari ndogo zinazojulikana na kutuma vipimo. Fanya hivyo mapema, kabla ya siku ya siku. Taarifa kutoka kwa mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba vipimo vyake ni sahihi haikai foleni.

Sasa jambo linalowaangusha Waswahili peke yao: saa. MPC hutumia saa ya dunia, UT, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Sisi tunasema saa mbili usiku, simu inaandika 20:00, na taarifa inatakiwa iseme 17:00. Ukiandika 2:00 umewapeleka upande mwingine wa dunia. Hatari zaidi ni usiku wa manane: saa nane usiku kuamkia tarehe 15 ni 23:00 ya tarehe 14 kwa UT. Tarehe yenyewe imebadilika. Na wao huandika siku kwa desimali, hivyo hiyo inakuwa 14.95833. Mimi huiweka saa ya kamera kwenye UT moja kwa moja, na ile ya mkononi naiacha kwa ajili ya kuwahi basi.

Itaitwa kwa jina langu?

Ukiigundua mwenyewe, kwa darubini au kamera yako, kwa kawaida ndiyo, kwa jina la ukoo. Wakiwa wawili waliogundua kila mmoja kivyake, yote mawili. Za SOHO zote huitwa SOHO, hata kama macho yaliyoiona ni yako, na za ATLAS huitwa ATLAS. Jina la mchumba haliruhusiwi.

Herufi za mbele zina maana. C/2023 A3 ni nyotamkia ya tatu iliyogunduliwa nusu ya kwanza ya Januari 2023. A ni Januari 1 hadi 15, B ni iliyobaki, na kuendelea hivyo, isipokuwa herufi I huachwa. Kwa hiyo Okello akipata ya kwanza mwishoni mwa Machi 2027, itaandikwa C/2027 F1 (Okello).

Niende wapi, na wakati gani wa mwaka?

Kusini na kati, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti ndiyo miezi yenye matumaini. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Septemba hadi Novemba ni bahati nasibu, ingawa anga baada ya mvua ni safi ajabu. Kiangazi nacho kina ubaya wake: moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi hulala chini karibu na upeo, pale pale tunapotaka kutazama.

Karamoja ni ya namna yake. Kidepo, kule juu kabisa kaskazini mashariki, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokata anga, inakufanya usijue nyota gani ni ipi. Lakini ni hifadhi. Huwezi kutanga usiku bila idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori na askari wa kukusindikiza. Ziwa Mburo ni karibu zaidi kwa mtu wa Kampala. Visiwa vya Ssese vina giza zuri na upeo wa maji usio na milima, ila unyevu ni mwingi, na viboko hutoka kula usiku, hivyo usisimame ufukweni bila kuuliza wenyeji. Fort Portal sikushauri kwa nyotamkia za magharibi; Rwenzori inasimama mbele yako na mawingu yake. Sipi, upande wa Mlima Elgon, ni nzuri kwa magharibi kwa sababu unatazama chini kwenye tambarare, na ni mbaya kwa mashariki kwa sababu hiyo hiyo, mlima uko nyuma yako.

Ukiwa Kampala kabisa, tafuta paa la ghorofa lenye upande wa mashariki au magharibi ulio wazi. Umeme ukikatika mtaa mzima, wengine wanalaani, wewe chukua darubini.

Watu hawatanishuku nikisimama gizani na mtambo?

Watakushuku. Darubini ndefu juu ya miguu mitatu, kwa mbali, inafanana na kitu ambacho nchi hii imekiona vya kutosha. Kabla ya usiku, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa. Msalimie, mweleze, mwalike. Mimi husema, "Mzee, nimekuja kutazama nyota, nitakuwa pale kwenye uwanja wa shule hadi asubuhi, ukipata nafasi njoo na watoto waone sayari ya Mshtarii." Akija, amekuwa mlinzi wako. Doria ikifika, washa taa, mikono ionekane, "Jambo afande," kisha mpe achungulie. Sijawahi kukutana na askari aliyekataa kuchungulia Zohali. Usisimame karibu na kambi, daraja kubwa au bwawa la umeme. Hapo hata maelezo mazuri hayasaidii.

Simu inaweza kupiga picha ya nyotamkia?

Ikiwa inaonekana kwa macho, ndiyo. Usiishike mkononi. Iegemeze kwenye stendi, au juu ya mfuko wa maharagwe, ambao hukaa umbo lolote unalotaka. Weka hali ya usiku au ya kujipangia mwenyewe, sekunde 5 hadi 10, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 hivi, na kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise. Weka mti, nyumba au mtu mbele. Picha yangu iliyosambaa 2024 ilikuwa ya mgomba, Zuhura, na nyotamkia katikati. Watu walipenda mgomba.

Na kamera ya lenzi za kubadilisha, niipangeje?

Lenzi ya milimita 50 inayofungua hadi f/1.8 ndiyo rafiki wa kwanza, halafu ya 200. Piga RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Fokasi: zima fokasi ya kujiendesha, kuza nyota angavu kwenye skrini ya nyuma, zungusha hadi iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika selotepu pete isisogee. Alama ya mbali isiyo na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi huwa inadanganya, usiiamini.

Muda wa kufungua: gawa 500 kwa urefu wa lenzi. Kwa kamera zenye kihisi kidogo, ambazo ndizo wengi tunazo, zidisha kwanza urefu huo kwa 1.5. Hivyo milimita 50 inakuwa 75, na 500 kwa 75 ni sekunde 6 na kidogo. Milimita 200 haifiki hata sekunde 2 kabla nyota hazijawa vistari. Na kwetu nyota za utosini ndizo zinazokimbia kuliko zote, kwa hiyo punguza zaidi kidogo. ISO 1600 hadi 3200. Piga nyingi, hamsini, mia, kisha uziunganishe kwa DeepSkyStacker au Siril, zote za bure. Mwishoni funika lenzi upige kumi na tano za giza tupu kwa muda ule ule. Programu itazitumia kuondoa madoa ya kihisi.

Nyotamkia inahama kati ya nyota wakati unapiga. Ukilinganisha picha kwa nyota, kichwa kinakuwa mstari. Ukilinganisha kwa kichwa, nyota zinakuwa mistari. Programu zote mbili zina namna ya kuchagua. Chagua kichwa kwanza.

Nimenunua kifaa cha kufuata nyota na hakifanyi kazi. Maelekezo yanasema nielekeze kwenye Kutubu.

Umenunua kifaa cha watu wa kaskazini. Hili limenila miezi mitatu, kwa hiyo nisikilize.

Kifaa hicho huzunguka kinyume cha mzunguko wa dunia ili nyota zisimame. Lazima mhimili wake ulale sambamba na mhimili wa dunia. Ujerumani mhimili huo umeinuka hadi karibu nusu ya anga, na Kutubu iko mwishoni mwake kama taa. Kampala iko dakika 19 tu za nyuzi kaskazini ya ikweta. Mhimili umelala chini kabisa, na Kutubu inabusu upeo ndani ya moshi na nyuma ya mabati ya jirani. Huioni, na ukiiona hujui kama ndiyo.

Basi sahau Kutubu. Kwanza hakikisha stendi yako inaweza kushuka hadi sifuri; nyingi zimetengenezwa bila kumfikiria mtu wa ikweta, uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa stendi. Mimi natumia kichwa cha kawaida cha stendi ya kamera badala ya kile kilichokuja na kifaa. Kwa programu ya kupima mwinamo kwenye simu, laza mhimili: Kampala sifuri, Gulu karibu nyuzi 3. Kwa dira, uelekeze kaskazini; tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya kweli kwetu ni ndogo. Weka dira mbali na chuma.

Kisha sahihisha kwa nyota. Lenga nyota iliyo karibu na utosi, piga dakika mbili. Ikiwa imeteleza kuelekea kaskazini au kusini, mhimili umepotoka kulia au kushoto. Sogeza kidogo, piga tena. Ikitulia, lenga nyota ya chini mashariki au magharibi. Ikiteleza hiyo, kosa ni la mwinamo. Mara ya kwanza nilitumia saa nzima. Sasa ni robo saa, na napata dakika mbili kamili kwa lenzi ya 200.

Lenzi inapata ukungu kila mara.

Ule wa nje ni umande. Vaa lenzi soksi yenye kifuko cha joto, au funga kinga ndefu ya karatasi ngumu mbele yake. Ule wa ndani, wenye nyuzinyuzi kama buibui, ni kuvu, na unaua lenzi. Hifadhi kwenye boksi la plastiki linalofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya. Karibu na ziwa, zima taa zote nyeupe: sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, wakija kwa wingi hutabaki na lenzi wala chakula. Taa nyekundu hafifu inatosha, nayo hailetei macho upofu wa dakika ishirini.

Kwa nini nyotamkia niliyoiona ilikuwa ya kijivu na za mtandaoni ni za kijani?

Kijani ni cha kweli. Ni gesi ya kaboni, molekuli za atomi mbili, inayong'aa ikipigwa na mwanga wa Jua. Jicho lako gizani halioni rangi vizuri. Kamera inayokusanya dakika kadhaa inaona.

Wazee wanasema ni ishara ya vita.

Mzee mmoja wa Luwero aliniambia nyotamkia ya Halley ilikuja na vita ikaondoka navyo. Nilihesabu naye. Kampala ilichukuliwa tarehe 26 Januari 1986, na Halley ilipita karibu kabisa na Jua tarehe 9 Februari, ikafichwa na mwanga wake siku zile zile za mapigano. Ilionekana vizuri alfajiri za Machi na Aprili, bunduki zikiwa zimenyamaza Kampala. "Basi ilikuja kutazama tu," akasema. Nikamwacha nayo. Itarudi Julai 2061.

Inayofuata ni lini?

Zile zinazojulikana utaziona kwenye Stellarium, ukisasisha orodha yake ya nyotamkia kila mwezi. Lakini usiahidi watu kitu. ISON ilitangazwa mwaka mzima, ikasambaratika ikizunguka Jua tarehe 28 Novemba 2013. Nishimura, kwa upande mwingine, ilitoka kugunduliwa hadi kuonekana ndani ya wiki chache. Mimi darubini yangu ya 10×50 iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na saa ya simu inaamsha saa kumi na nusu alfajiri kila siku isiyo na mvua. Mke wangu ana maoni yake kuhusu saa hiyo.